Mstari Uliopita Shambani kwa Baba

Blanchard alimwambia Léontine nje ya kanisa, pembeni ya ukuta, wakati waumini wengine walikuwa bado wanasalimiana. Ilikuwa Jumapili ileile ambayo familia yake ilitazamiwa kufika kwa kina Léontine, mtaa wa Bigo mjini Bunia, kwa ajili ya présentation, kujitambulisha na kuposa. Léontine alikuwa amevaa kikwembe kipya cha kijani, na tangu asubuhi alikuwa akitabasamu bila kujijua, hata wakati wa maombi ya toba.

"Shamba ya papa yako iko ndani ya mustari," Blanchard alisema.

Léontine alidhani amesikia vibaya. "Mustari gani?"

"Ya korido. Tulimaliza kuipima juzi kule Ndimo. Chef alikuwa pale, na bamuzee wote. Wao wenyewe njo walionyesha fasi tembo inapitaka. Shamba ya papa iko katikati."

Tabasamu lilimtoka Léontine polepole. Alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Blanchard alikuwa amenyoa, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na mama yake, lakini macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu ambaye hakupata usingizi.

Kambale Blanchard alikuwa mtoto wa Butembo. Mama yake, Mama Brigitte, alihamia Bunia na biashara yake ya vitenge miaka mingi iliyopita, na mtoto akakulia hapo. Kazi yake ilikuwa kutembea kijiji kwa kijiji katika msitu ulio kati ya hifadhi ya okapi na mbuga ya Virunga. Ofisi yake haikumtuma kukamata watu. Ilimtuma kuzungumza nao, ili wakubaliane kuacha ukanda mmoja wa msitu bila kukatwa, uunganishe hifadhi na mbuga, tembo na okapi na sokwe wapate kupita. Wanyama wakifungiwa upande mmoja, alikuwa akieleza, wanazaliana ndugu kwa ndugu mpaka wanaisha. Na tembo akikatiwa njia, anapita kwenye mashamba ya watu.

Léontine alikuwa laborantine, mpimaji wa damu, katika kituo cha afya. Walikutana siku Blanchard alipotoka msituni akitetemeka kwa homa. Léontine alimtoboa kidole, akatazama damu yake kwa darubini, na alipoulizwa kama malaria ni nyingi alijibu kwamba inatosha watu wawili. Blanchard alicheka huku meno yakigongana. Wiki iliyofuata alirudi akiwa mzima, na chupa ya asali kwa ajili ya laboratoire nzima, ingawa wote waliokuwa mle ndani walijua asali hiyo ni ya nani.

Sasa alikuwa amesimama mbele yake, na mipango yote ya miezi ile ilitegemea maneno yatakayotoka kinywani mwake.

"Usimwambie leo," Léontine alisema kwa sauti ya chini. "Acha kwanza bafamille wakule, wasikilizane, wapange tarehe. Kisha utamwambia."

"Akijua kisha, atasema nilikula chakula yake huku namuficha."

"Na akijua leo, atakukatalia."

"Najua."

"Unajua, na bado unataka kumwambia?"

Blanchard alitaka kumshika mkono, lakini watu walikuwa wakipita. "Ni papa yako, Léontine. Nitakuwa naye maisha yote. Nitamuangalia na macho gani?"

Léontine alijibu kwamba kama ni hivyo, afanye anavyotaka, lakini asimwombe yeye amshangilie. Akakusanya kikwembe chake, akaenda nyumbani kumsaidia mama yake kupika. Alimpenda kuliko siku zote, na alimkasirikia kuliko siku zote. Hakujua aanzie wapi.

Familia ya Blanchard ilifika mchana na jua kali. Mama Brigitte alikuja na mjomba wa Blanchard, Papa Kamate, mtu mnene mwenye sauti tamu ambaye kila familia inapenda awe msemaji wake. Salamu zilipita vizuri, sala ikapita vizuri. Papa Laurent, baba yake Léontine, alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, amevaa koti ambalo alitoka nalo Bule, kijijini kwao, siku walipokimbia vita. Vitu vingine vyote viliachwa huko: ng'ombe, nyumba ya matofali, shamba la maharagwe lililoteremka mpaka kijito. Tangu hapo walikuwa wapangaji Bigo. Mwaka uliopita, rafiki wa kanisani alimkutanisha na chef, mkuu wa kijiji cha Ndimo, nyuma ya Irumu, akapewa kipande cha msitu afyeke, apande kakao. Jirani zake walikuwa wamechoka kusikia habari za kakao hiyo ambayo haikuwa bado na mti hata mmoja.

Papa Kamate alipomaliza kueleza kilichowaleta, wanawake walianza kuandaa meza. Hapo ndipo Blanchard alipoomba ruhusa ya kusema. Mjomba wake alimkata jicho, kwa sababu siku kama hiyo kijana hasemi. Papa Laurent alimpa ruhusa akitabasamu, akifikiri labda ni maneno ya shukrani.

Blanchard alisimama, akasema yote. Hakuzunguka. Léontine alikuwa mlangoni na sahani ya samaki mikononi, na alibaki ameishikilia.

"Shamba yangu," Papa Laurent alisema.

"Ndiyo, papa."

"Yote?"

"Inabakia kipande kidogo upande ya mto. Wenye mashamba ndani ya mustari, chef alisema atawapatia fasi ingine karibu na barabara. Lakini sitakudanganya. Udongo ya kule haiko sawa na ile."

Papa Laurent alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayehesabu kitu moyoni. "Ile machine ya kupima, nani anaibebaka?"

"Ni mimi, papa."

"Na bakubwa ya bureau yenu watakuya kuangalia muti kwa muti?"

"Hapana. Wataniamini mimi."

"Basi unaweza kuipitisha pembeni."

Mama Brigitte alikuwa ameinamisha kichwa. Blanchard alimtazama mzee. "Naweza, papa."

"Utaipitisha?"

"Hapana, papa."

Mama Adèle, mama yake Léontine, alimpokea binti yake sahani ile, akaiweka mezani mwenyewe.

Papa Laurent hakupandisha sauti. Alieleza, kama anayeeleza habari za mtu mwingine, kwamba Bule alikuwa na shamba aliloachiwa na baba yake, na sasa linalimwa na watu asiowajua. Alisema amezeeka akiomba fasi ya kulala kwa watu. Mungu alipompa kipande kimoja cha mwisho, mtu wa kukichukua ameingia kwake na shati jeupe kumwomba na mtoto wake pia.

"Mimi sikuchukii," alimaliza. "Lakini mutoto wangu sitamutia mu mikono yako. Mukule chakula, kisha mwende na amani."

Hakuna aliyekula. Papa Kamate aliomba msamaha kwa maneno mengi, Mama Brigitte akalia bila sauti, wakatoka. Kwenye mlango Blanchard aligeuka kumtafuta Léontine kwa macho. Léontine aliyaona macho hayo yakimwomba neno moja tu, hata kama ni la hasira. Akatazama chini, kwenye sakafu ya saruji, mpaka mlango ukafungwa.

Kesho yake Blanchard alirudi msituni. Mara kwa mara, alipopanda kilima chenye réseau, mtandao wa simu, alituma ujumbe mfupi: yuko mzima, na yeye je, yuko mzima? Léontine aliusoma kila mmoja akiwa laboratoire, akarudisha simu mfukoni, akaweka jicho kwenye darubini na kugundua kwamba haoni kitu. Nyumbani hakuna aliyetaja jina la Blanchard. Baba yake alianza kuumwa kichwa, na Léontine alipompima presha ilikuwa imepanda. Alimpa dawa kila asubuhi, naye akazimeza bila kumtazama usoni.

Jioni moja mama yake alimkuta amekaa uani na beseni la mchele ambao ulikwisha kuchambuliwa zamani.

"Unamungojea?" Mama Adèle aliuliza.

"Sijui, mama. Nikimukumbuka nakasirika. Nikikasirika namukumbuka tena."

"Papa yako naye ni vile," mama yake alisema. "Anamutaja mu usingizi."

Kisha habari ikaja kwamba chef wa Ndimo anawaita wote wenye mashamba ndani ya mstari. Papa Laurent aliamua kwenda kulitetea shamba lake mbele ya kijiji kizima. Barabara ilikuwa shwari wiki hizo, lakini Mama Adèle hakukubali aende peke yake na presha ile. Léontine aliomba ruhusa kazini. Alijisemea kwamba anaenda kwa ajili ya dawa za baba yake, na hakukuwa na mtu wa kumbishia.

Waliondoka alfajiri kwa pikipiki mbili. Baada ya Irumu nyasi zilianza kupungua na miti kuwa mirefu, na barabara ikawa nyekundu na yenye matope hata pale ambapo mvua haikunyesha. Papa Laurent alimwomba mwenye moto, dereva wa pikipiki yake, asimame mahali fulani. Alishuka, akamwonyesha binti yake shamba. Léontine alikuwa akilisikia kwa mwaka mzima lakini hakuwahi kulikanyaga. Aliona miti mikubwa, baadhi ikiwa na alama mpya ya mstari, ya rangi nyekundu. Katikati ya miti kulikuwa na njia pana, iliyokanyagwa mpaka udongo ukawa mgumu, na kando yake kinyesi cha tembo, kikubwa, kibichi bado.

"Hii ilikuwa hapa ulipopewa shamba?" aliuliza.

Baba yake aliitazama njia ile. "Ilikuwa," alisema. "Nilifikiri wataacha kupita nikianza kulima."

Mkutano ulifanyika kwenye shule ya Ndimo, chini ya bati. Blanchard alikuwa akipanga mabenchi walipoingia. Alikuwa amekonda, ana ndevu, na buti zake zimeloa mpaka magotini. Alimwona Léontine, akasimama na benchi mikononi kama mtu aliyesahau alikuwa akilipeleka wapi. Halafu akamsalimia Papa Laurent kwa mikono miwili. Papa Laurent aliipokea salamu, akaenda kukaa nyuma. Léontine alikaa kando yake.

Chef alieleza habari ya mstari, watu wakauliza maswali, wengine wakanung'unika. Kabla Papa Laurent hajapata nafasi ya kusema, gari lilisimama nje. Aliyeshuka alikuwa patron Guelord, mnunuzi wa mbao ambaye watu wa upande ule walimjua vizuri. Alikuwa na vijana wake, na nyuma ya gari zilionekana tronçonneuse, misumeno ile ya mafuta inayoangusha mti mkubwa kabla kahawa haijapoa.

Guelord alizungumza kwa upole. Alisema hakuja kugombana. Alitaka mstari usogezwe tu, upite upande wa pili, juu ya mashamba ya watu wa kilimani, ili miti ya chini ibaki huru kukatwa. Shule ingepata bati jipya. Chef angepata pikipiki. Wale wa kilimani walianza kupiga kelele, chef akawanyamazisha, kisha macho yote yakaenda kwa Blanchard.

"Hapana, patron," Blanchard alisema. "Mustari iko fasi wanakijiji walionyesha."

"Weye njo unabeba machine."

"Ni mimi."

"Basi unaweza."

"Naweza. Sitaifanya."

Léontine alihisi baba yake akikakamaa kando yake. Yalikuwa karibu maneno yaleyale ya sebuleni kwao.

Guelord alimwambia Blanchard kwamba msitu ni mkubwa na mtu mmoja anaweza kupotea humo bila kuonekana tena. Alilisema hilo kwa upole uleule. Léontine alimwona Blanchard akirudi hatua moja nyuma na kuutupia mlango jicho la haraka. Hakuwahi kumwona akiogopa. Ilimuuma kuliko homa yoyote aliyowahi kumpima.

Guelord aligeukia watu. Alisema huyu kijana hana moyo, kwamba hata bokilo wake mwenyewe, baba wa mchumba wake, amemnyang'anya shamba. Habari za Bunia zilikuwa zimefika mbali. "Muzee huyu hapa," alisema akimwonyesha Papa Laurent kwa kidole. "Muulizeni mwenyewe kama ninadanganya."

Léontine alitaka kumshika baba yake mkono, akajizuia. Jibu hilo halikuwa lake kulitoa. Mzee alisimama na kufunga kifungo cha koti lake.

"Haudanganyi," alisema. "Shamba yangu iko ndani. Nilimuomba aipitishe mustari pembeni, akakatala. Nikamufukuza kwangu. Mutoto wangu huyu hapa, hacheke tena nyumbani tangu siku ile." Alipumua. "Nilikuya leo kumuomba mara ya pili, mbele yenu. Lakini nimekusikia weye, patron. Unamuomba kitu ileile. Kama angenikubalia mimi kule Bunia, leo angekosa namna ya kukukatalia weye. Na hawa batu ya kilimani wangelala wapi?"

Watu wa kilimani waligeuka kumtazama.

"Siye, kule Bule," Papa Laurent aliendelea, "siku walipokuya kuchukua mashamba yetu, hakukuwa mutu wa kusema hapana. Hata moya. Chef, andika jina yangu. Nitapokea ile fasi ya karibu na barabara."

Aliketi. Mwanamke mmoja wa kilimani alisema na yeye anakubali mstari. Mwingine akafuata, halafu wazee wawili kwa pamoja, mpaka chef akashindwa kujua anaanza na nani. Guelord aliwatazama kwa muda, akaingia ndani ya gari lake. Kila mtu alielewa kwamba hajaridhika.

Mkutano ulipokwisha, chef alimpeleka Papa Laurent kuona ardhi yake mpya. Ilikuwa ndogo, yenye mawe, na iliwahi kulimwa mpaka ikachoka. Mzee aliokota bonge la udongo, akalivunja kwa vidole, akasema kakao haitakubali hapa. Labda maharagwe. Kisha, bila kugeuka, akamwambia Léontine aende akamsalimie yule mtu, kwa sababu amesimama kule njia inapokuwa nyembamba kwa muda mrefu kama mti.

Léontine alienda. Walisimama wakitazamana.

"Hukunijibu message hata moja," Blanchard alisema.

"Nilizisoma zote."

"Ulinikasirikia sana."

"Bado nakukasirikia. Niliona ulipima papa yangu na msitu, ukachagua msitu." Aliyainua macho. "Leo nimeona hukupima mutu yoyote. Unasema tu kitu moya kwa wote. Ni ngumu kuishi na mutu wa vile, Blanchard. Nafikiri itanichokesha."

"Itakuchokesha," Blanchard alikubali.

"Uliogopa pale ndani?"

"Sana."

"Nilikuona." Akatoa leso, akampangusa tope lililokauka shavuni, polepole, kama mtu anayefanya kazi yenye haja ya uangalifu. "Rudi na siye Bunia leo. Yule patron hajamaliza."

Blanchard alifumba macho chini ya mkono wake. Alisema miti ya upande wa kusini bado haijapakwa rangi, na akiondoka sasa, kesho kutwa itakuwa chini. Chef alikuwa amempa vijana wa kilimani watembee naye, watu wengi, na hatalala mahali pamoja mara mbili. Ataendelea mpaka kazi iishe, kisha atakuja.

Léontine alitaka kusema maneno mengi. Alitaka kumlilia, kumkataza, kumwambia kwamba yeye ni mmoja na tembo ni wengi. Aliyafikiria yote, na aliona kwamba mtu ambaye angeyakubali maneno hayo hangekuwa huyu aliyempenda.

"Kila siku utapanda kwenye réseau," alisema. "Hata kama mvua inanyesha. Safari hii nitajibu."

Baba yake alikuwa amekwisha kupanda pikipiki, anawatazama. Léontine alijua anatazamwa. Hata hivyo aliushika mkono wa Blanchard, akapitisha vidole vyake katikati ya vya Blanchard, wakatembea hivyo mpaka barabarani, mbele ya kijiji kizima.

Papa Laurent aliwaona wakija. Alikohoa, akageukia upande mwingine, na akaanza kumuuliza mwenye moto kama mafuta yatatosha mpaka Bunia.